Majani ya Mpera kwa Mguu wa Baba Mkwe

Kwa Wanyakyusa wa rika la baba mkwe wangu, mkamwana haonani na baba wa mumewe. Niliolewa Ndandalo, Kyela, nikitokea Morogoro, na miaka yote ya kwenda huko likizo nilimjua mzee kwa kikohozi chake tu. Akikohoa uani, naingia jikoni. Nilikuwa naona ni kichekesho, mpaka alipopata kidonda mguuni.

Alikuwa na kisukari. Mimi nafundisha kemia chuoni Mbeya, na utafiti wangu ni wa majani ya mpera. Tunayachemsha, tunachuja, maji yake tunayachanganya na chumvi ya zinki, kisha tunachoma mpaka ibaki poda nyeupe yenye chembe ndogo mno, hata darubini ya kawaida haizioni. Tulitaka kujua kama inaua vijidudu vya vidonda. Mzee aliposikia, akasema mpera uko nyuma ya nyumba. Tangu hapo mabasi ya Kyela yakawa yananiletea mifuko ya majani, yameoshwa na kukaushwa kivulini. Aliyachuma mwenyewe, akichechemea.

Likizo moja nikamwonyesha mama mkwe picha kwenye simu: kisahani kimejaa vijidudu, na kuizunguka poda, duara safi. Akaipeleka simu chumbani kwa mzee. Nikasikia kupitia ukutani akinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Asante sana.

Nilijuta kumwonyesha.

Daktari alikuwa ameshasema mguu ukatwe. Mume wangu alimsihi baba yake, nami nikatuma ujumbe kupitia mama mkwe: hiyo poda hatujaipaka hata panya. Jibu la mzee lilinitia hasira nikashindwa kula.

"Mkamwana wangu ananitengenezea dawa," alisema. "Nikate mguu kabla hajamaliza? Nitakuwa nimemdharau."

Heshima gani hiyo ya kumwua mtu? Nikavuka uani, nikasukuma mlango, nikaingia. Mama mkwe akaguna nyuma yangu. Mzee aliponiona tu akavuta blanketi na kujifunika uso, na lilivyokuwa fupi, mguu ukabaki nje. Harufu ilijaa chumbani. Nikazungumza na ule mguu, maana ndio uliokuwa mbele yangu.

"Baba, dawa haipo. Nenda hospitali, nakuomba."

"Ipo," akasema. "Nimeiona kwenye simu. Wewe fanya kazi yako taratibu, mama. Mimi nasubiri."

Alisubiri mpaka sumu ya kidonda ikaingia kwenye damu. Walipomkimbiza hospitali, kukata mguu kusingemwokoa tena.

Siku ya mazishi, watu walipokuwa wanapita kumuaga, mimi nilibaki jikoni kwa mazoea. Mama mkwe akaja kunishika mkono, akanipeleka hadi kwenye jeneza.

"Sasa mwangalie," akaniambia.

Nikamwangalia. Alifanana kabisa na mume wangu, ila mwili wake ulikuwa mdogo kuliko kikohozi chake.