Pikipiki ya Mume wa Kwanza

Nilipomwoa mke wangu, alihamia kwangu, mtaa wa Bel-Air, na masanduku ya nguo, sufuria zake, na pikipiki ya marehemu mume wake. Ndugu wa marehemu walikuwa wamebeba kabati, televisheni, hata viti vya plastiki. Pikipiki waliiacha kwa sababu ilikuwa kuukuu na ilivuja huku na huku, na kila aliyeitazama aliona gharama tu. Yeye aliisukuma kwa mikono kutoka nyumba ile hadi kwangu, jua likiwaka, na nilipotaka kumpokea alikataa.

Nilikuwa nauza madaftari na kalamu katika duka moja katikati ya mji, kwa hiyo nikaanza kuipanda kwenda kazini. Sikujua kama nimepanda kitu kinachojulikana kuliko mimi. Marehemu alikuwa fundi wa umeme, na nusu ya mji ilikuwa imemwona akipita na ngazi yake mgongoni. Kwenye njia panda vijana wa pikipiki za abiria, ambao pikipiki huiita moto, walipiga kelele: "Eh! Si njo moto ya fundi ile?" Kisha walinitazama mimi. "Na wewe uko nani yake?"

Ningewajibu nini? Mimi ndiye niliyeoa mke wake. Niliongeza mwendo nikapita.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Uani, mahali nilipoiegesha, palikuwa na madoa mawili. Moja lilikuwa la esansi, yaani petroli, lilikauka upesi na kuacha harufu. La pili lilikuwa la mafuta ya injini, jeusi, na halikukauka hata kidogo. Kila jioni niliporudi, mke wangu alitoka na kopo tupu la maziwa, akachuchumaa, akalisukuma chini ya injini. Kabla ya kunitazama usoni alitazama chini ya ile pikipiki.

"Imevuya tena?" aliuliza.

Hakuuliza nimeshindaje.

Jumapili moja baada ya misa alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Tulimkaribisha, akanywa kinywaji chake, akaongea habari za bei ya unga, kisha akasimama na kwenda uani kana kwamba anamwendea mgonjwa. Akazunguka pikipiki, akagusa injini, akanusa kidole.

"Mulamu," yaani shemeji, akamwambia mke wangu, "wakati ya yaya, hii moto haikukuwa inavuya hivi."

Kwa jina hilo la kaka mkubwa, mke wangu aliinamisha kichwa, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la pembeni, ambalo mimi sikuwahi kupewa. Usiku ule niligeukia ukuta nikaamua: Jumamosi nitaifungua mwenyewe. Kuna fundi wa pikipiki karibu na kwetu, mzuri na wa bei nafuu, lakini sikutaka mwanamume wa tatu aingie katika jambo hili.

Nilianza na esansi. Nilifunga robine, yaani koki, iliyo chini ya tangi, nikavuta bomba lake la mpira, nikakinga kwa chupa. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni anachambua lengalenga, mgongo kwenye ukuta, macho kwenye mboga, lakini nilijua ananitazama. Nikatoa kabureta na kufungua bakuli lake dogo la chini. Ndani mlikuwa na tope jekundu, vumbi letu lile lile la kiangazi linaloingia hata kwenye meno. Sindano inayoziba esansi bakuli likijaa ilikuwa imelika ncha, na mpira wa bakuli umekuwa mgumu kama ukucha wa mzee. Nilikwenda sokoni, nikarudi na sindano mpya na mpira mpya. Nikapuliza matundu yote kwa mdomo mpaka nikahisi ladha ya esansi kooni, nikafunga, nikafungua robine, nikangoja.

Hakuna tone lililoanguka.

"Voilà!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Muzuri, papa," alisema. Kisha, akichuma jani, akaongeza: "Yeye vile vile alikuwa anapulizaka na kinywa."

Furaha yangu yote ikaisha pale pale. Nilitema mate, nikachukua spana, nikageukia upande wa mafuta kwa hasira, kana kwamba mtu yule amejificha ndani ya injini na nitamkuta.

Na kweli, nilimkuta, au nilidhani nimemkuta. Nilimwaga mafuta kwenye beseni, nikafungua bolti za mfuniko wa upande wa kulia, nikaugonga taratibu kwa mpini wa nyundo mpaka ukaachia. Kati ya mfuniko na injini hukaa karatasi ngumu iliyokatwa kwa umbo la mfuniko wenyewe, ile tunayoiita joint, inayozuia mafuta yasitoke. Ya pikipiki hii haikuwa ya dukani. Ilikuwa katoni ya sanduku la viatu. Herufi za rangi bado zilisomeka upande mmoja, na upande wa chini katoni ilikuwa imelowa na kuoza. Hapo ndipo mafuta yalipopitia.

Nilifurahi, sifichi. Fundi wa mji mzima, anayesalimiwa kwenye njia panda zote, aliziba injini kwa sanduku la viatu! Niliibandua, nikaibeba kwa vidole viwili hadi mlangoni.

"Angalia kazi ya bwana yako," nikamwambia.

Aliweka sinia chini. Akaifuta ile katoni kwa kona ya kitenge chake, akaigeuza.

"Hii haiko kazi yake," akasema. "Ni miye njo niliikata."

"Wewe?"

"Alikuwa mugonjwa. Mikono yake ilikuwa inatetema, hata kijiko haishike. Alilala tu pa mukeka, pa mulango ya nyumba ile ingine, anasema: kata hapa, acha pale. Miye nakata na makasi ya nguo."

Nilijifuta mikono yangu myeusi kwenye suruali. Nilikuwa nimejiandaa kumshinda mwanamume mwenye ngazi mgongoni. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyelala mkekani, sauti yake imebaki ndogo, na mwanamke aliyeinama karibu naye akifuata kila neno kwa makasi. Wivu wangu haukupungua. Uliongezeka. Mimi, mzima wa afya, sikuwahi kumwambia mke wangu jambo lolote akalisikiliza namna ile.

"Na ilikuwa inavuya hata wakati yake," akasema. "Batu banasahau. Mutu akikufa, moto yake inakuwa muzuri."

Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na katoni safi na makasi.

"Leta kifuniko."

Alipaka mafuta ukingoni mwa mfuniko kwa kidole, akaubana juu ya katoni kama mhuri. Alipouinua, umbo lote lilikuwa pale: ukingo, matundu ya bolti, kona zake. Akakata polepole, ulimi ukitokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Nilishika katoni isicheze. Vidole vyetu viligusana, na mimi nilikuwa nafikiri: vidole vya marehemu navyo viligusana na hivi vyake?

Tulipoanza kukaza bolti aliniwekea mkono begani. "Usikaze moja mpaka mwisho. Kaza hii, halafu ile ya ngambo yake. Njo vile alikuwa anasema..."

"Najua," nikamkata. Sikujua. Nilikaza kama alivyosema.

Tukamimina mafuta mapya, nikawasha, tukaiacha ingurume. Wote wawili tulichuchumaa kichwa kwa kichwa kutazama chini. Udongo ulibaki mkavu. Alicheka, akanipiga bega, na nikathubutu kuuliza nililotaka kuuliza tangu alipoingia nyumbani kwangu.

"Alikufundisha na kuiendesha?"

"Hapana. Alinikatazaka. Anasema bibi ya mutu haiendeshake moto."

Nilisimama upesi sana, karibu nijigonge kwenye usukani. Kumbe kulikuwa na kitu ambacho yule mtu hakumpa!

Asubuhi iliyofuata, kabla ya misa ya pili, nilimpeleka kwenye kiwanja cha mpira. Baridi ya Juni ilikuwa bado haijaondoka, na nyasi zilikuwa za rangi ya kahawia. Nilimwonyesha klachi, gia, breki. Injini ilizimika mara kadhaa, akacheka, akajaribu tena. Nilikimbia nyuma nimeshika kiti, mpaka kiti kikanitoka mkononi.

Akaenda. Alizunguka goli la mbali, kitenge kimefungwa magotini, mgongo umenyooka, na moshi mdogo tu nyuma yake. Niliinua mkono kumpungia. Alipopita mbele yangu alikuwa anatabasamu, tabasamu lile dogo la pembeni, macho yakiwa mbele kabisa. Hakunitazama. Nilibaki katikati ya kiwanja nikigeuka kadiri alivyozunguka, nikijaribu kujua anamtabasamia nani.