Nyuki Aliyekataa Kuhamia Kijijini

Niliondoka Tabora kwa sababu ya barua ya mistari minne. Paskali, niliyelala naye bweni moja shuleni zaidi ya miaka ishirini nyuma, aliniandikia kutoka Endabash kwamba amekabidhiwa mashine ya kusaga ya kijiji, mke wake anapika vizuri, baridi ni kali, na je, mimi bado sijaoa? Swali la mwisho sikulijibu. Nilifunga sanduku langu la bati, lile lile la shule, nikaenda stesheni. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na hakuna mji niliowahi kukaa hadi mwenye nyumba akalizoea jina langu.

Treni ilinishusha Dodoma. Basi la Babati lilipasua tairi mara tatu kabla ya Kondoa, na kila mara dereva alitutazama sisi abiria kana kwamba tumelitoboa kwa meno. Makuyuni nilidandia lori la saruji. Tulipita Mto wa Mbu, tukakwea ukingo wa bonde kwa mwendo wa kinyonga, na upepo ukatupaka saruji hadi kope. Nilipofika Karatu, mama mmoja muuza chai alinitazama, akamwambia mwenzake, "Huyu mzungu amezeeka vibaya."

Endabash nilifika siku ya nne, juu ya tela la trekta. Alizeti zilikuwa zimechanua kila upande. Paskali alinikumbatia, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyepata mgeni.

"Umekuja wakati mbaya, bwana," alisema. "Wananiita mhujumu."

Miaka ile neno hilo halikuwa mzaha. Mtu aliyeitwa mhujumu asubuhi angeweza kulala mahabusu jioni. Kosa la Paskali lilikuwa hili: mashine ilikuwa ikiwaka Mwenyekiti wa kijiji akiwepo, na ikizimika akishaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilijionea mwenyewe. Mwenyekiti Bura, mzee mwembamba mwenye koti refu la kijeshi, alikuja saa moja kamili. Mfuniko wa tangi la dizeli ulikuwa na kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari, maana dizeli ilikuwa adimu kuliko mvua. Alifungua, akachovya kijiti kupima, akafunga. Paskali akazungusha mkono wa mashine. Ikanguruma vizuri. Mwenyekiti akaenda shambani kwake. Haikupita saa moja mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakaguna. Mwenyekiti akaitwa, akafungua tangi, akapima. Mashine ikawaka.

"Unaona, Mnyamwezi?" aliniambia. "Mashine inaniheshimu. Rafiki yako haimheshimu."

Siku ya tatu ndipo nilipokiona. Juu ya tangi palikuwa na kibomba chembamba kama kidole, ambacho tangi hupumulia. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa udongo, laini kama umesuguliwa na fundi. Nikaelewa: tangi lilikuwa limekabwa pumzi, likipata hewa pale tu Mwenyekiti alipofungua mfuniko.

Hapo heri ningenyamaza. Lakini mimi ni mtu wa Tabora, nchi ya asali, nikajiona mtaalamu. Nikapaza sauti mbele ya foleni nzima: "Paskali hana kosa! Huyu ni nyigu, yule wa kujenga kwa udongo!"

Mwenyekiti alichukua waya, akachokoa. Udongo ukaanguka, na nyuma yake ukafuata unga mkavu wa njano. Akausugua kwenye kiganja, akaunusa.

"Nyigu wa udongo anaweka nini ndani ya nyumba yake?" aliuliza.

"Buibui," walijibu akina mama kwa pamoja. Kila mtoto wa pale anajua.

"Na hiki ni buibui?" Alikiinua kiganja. "Huu ni unga wa yanga! Mtu ameiba unga wa wananchi, akauchanganya na udongo, akaziba tangi. Mnyamwezi, asante kwa kutuonyesha."

Unga wa yanga ni ule wa mahindi ya njano tuliokuwa tukigawiwa wakati wa njaa. Kwa hiyo kabla yangu Paskali alikuwa mhujumu wa mashine tu. Baada yangu akawa na wizi wa unga pia. Mwenyekiti alitangaza mkutano siku ya Jumamosi, na baada ya mkutano Paskali angepelekwa Karatu kwa wakubwa.

Mke wake, Mama Yona, aliniwekea chakula bila kunitazama. "Shemeji," alisema, "kule kwenu hakuna mtu wa kumsaidia namna hii, hadi uje kutusaidia sisi?"

Jumatano nilikaa karibu na tangi kutwa nzima, kofia mkononi. Saa nane mdudu mmoja mweusi alikuja na donge la udongo mdomoni, akaingia kwenye kibomba kama mwenye nyumba. Alipotoka nikamfunika. Nikamtia ndani ya kiberiti pamoja na kipande cha udongo.

Alhamisi alfajiri nilikuwa njiani kwenda Ngorongoro. Mtu wa trekta alikuwa ameniambia kwamba huko juu, ukingoni mwa kreta, kuna chumba cha maonyesho chenye wadudu waliochomwa pini. Baada ya lango la hifadhi la Loduare ukungu ulikuwa mzito hata dereva wa lori akatoa kichwa dirishani kutafuta barabara. Kreta yenyewe sikuiona. Watu wanavuka bahari kuja kuitazama. Mimi nilipita kando yake nikiwa nimeshika kiberiti.

Mtunzaji wa chumba aliitwa Koinet, Mmasai wa Olbalbal, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimweleza shida yangu.

"Umemleta hai?"

"Hai kabisa," nilisema, nikafungua kiberiti kumhakikishia.

Robo saa nzima tulimkimbiza chumbani. Koinet alipanda juu ya kabati, mimi nikaangusha fuvu la nyati. Hatimaye tulimpata kwenye kioo cha dirisha, tukamfunika kwa glasi ya chai.

Koinet alimtazama kwa lenzi. Kisha akaniita.

"Nyigu ana kiuno chembamba kama uzi na tumbo linang'aa. Huyu kiuno hana. Sasa tazama chini ya tumbo."

Niliona nywele fupi, nene kama brashi, zimejaa vumbi la njano.

"Ule si unga wa yanga," alisema. "Ni unga wa maua, wa alizeti zenu. Huyu ni nyuki, bwana. Wale wa asali wanabeba miguuni, huyu anabeba tumboni. Anaishi peke yake. Anatafuta tundu, anajenga chumba, anaweka chakula, anataga yai moja, anafunga mlango. Hana asali, hana malkia, hana ng'ombe. Maskini kabisa."

Alivuta droo yenye safu za pini. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa yeye mtupu. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi, lakini mende walikuwa wamelitafuna. Nilimwomba Koinet aniandikie barua, na iwe na muhuri. Akaandika: "Mdudu huyu ni nyuki mwashi. Jina la ukoo wake ni Megachile. Jina lake mwenyewe limeliwa." Akagonga muhuri mara mbili.

Jumamosi watu walijaa kwenye uwanja wa mashine. Mwenyekiti alisoma barua, akakagua muhuri, akaisoma tena.

"Nyuki anaishi peke yake?" alisema. "Sisi sote tulibeba mabati yetu tukahamia kijijini. Yeye alikuwa wapi?"

"Hakupata tangazo, Ndugu Mwenyekiti!" mtu alipiga kelele nyuma, watu wakacheka.

"Kimya! Nataka ushahidi."

Tukakaa kusubiri ushahidi. Watu mia na zaidi tulikodolea macho kibomba kimoja. Paskali alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na jasho lilimtiririka katika baridi ile. Nilimwomba Mungu nyuki yule asiwe wa pekee duniani, maana wa kwetu tulimwacha Ngorongoro.

"Huyo!" alipiga kelele Mama Yona.

Alikuja mwingine, na donge lake la udongo. Akazunguka kofia ya Mwenyekiti mara mbili, akatua mdomoni mwa kibomba, akaanza kupaka.

Mwenyekiti alimsogelea hadi pua ikakaribia tangi. "Anafanya kazi vizuri kuliko fundi aliyejenga ofisi yangu," alisema. Kisha akamgeukia Paskali, akavua ule ufunguo shingoni, akampa.

Muhtasari wa mkutano uliandikwa kwamba nyuki apewe kiwanja. Vipande vya matete vilifungwa ukutani viwe nyumba zake, na kibomba kikafunikwa kwa chujio la chai la Mama Yona, ambalo alilidai hadi mwisho wa kukaa kwangu.

Baada ya wiki tatu miguu ilianza kuniwasha, kama kawaida yake. Siku ya kuondoka nililiendea sanduku langu barazani nipange nguo. Tundu la ufunguo lilikuwa limezibwa kwa udongo, laini, umekauka.

Nilichukua msumari. Mama Yona akanishika mkono.

"Shemeji, acha. Mwenzio yuko peke yake lakini amejenga. Wewe je?"

Ndani mlikuwa na ripoti zangu za shule, barua za watu waliokwisha kunisahau, na picha ya bweni letu. Nilikuwa nimevibeba mji hadi mji bila kuvifungua. Nikaurudisha msumari. Nikaanua shati na suruali kwenye kamba, nikavitia kwenye mfuko wa unga, nikapanda tela. Paskali alikimbia kando yake hadi njia panda, akicheka, akiniuliza kama kweli naacha sanduku.

Sijarudi tena Endabash. Nimepita miji mingi tangu siku ile, na wenye nyumba bado hukosea jina langu. Lakini ufunguo wa sanduku ninao.