Ngozi Kavu ya Kibara

Wewe unayenisikiliza, hebu pitisha ukucha juu ya mkono wako kabla hujapaka mafuta. Umeuona ule mstari mweupe? Sisi watu wa Mara tunauonea aibu. Kwetu Nyasho, mjini Musoma, mtoto harudi kutoka dukani bila kuulizwa, "Mbona umepauka hivyo, kwenu hakuna mafuta?" Nami ni daktari wa ngozi, lakini nililelewa hivyohivyo.

Miaka hii nimekuwa katika kikundi kinachotafiti magonjwa ya ngozi. Tunazunguka: leo Musoma, kesho Butiama, halafu Bunda. Ilikuwa Bunda nilipompokea mama mmoja mwanika dagaa kutoka Kibara, kando ya ziwa, ameletwa na mama mkwe wake. Alikuwa na mabaka meupe shingoni, mabegani na mgongoni. Wenzake walikuwa wamemwondoa kwenye uwanja wa kuanikia. Walisema ni ukoma, na kwamba wachuuzi wakimwona hawatagusa dagaa wa yeyote kati yao.

"Hawajanitukana," aliniambia taratibu. "Wamesema nirudi nikiwa na jibu la daktari."

Nilimfumbisha macho nikamgusa kwa pamba, ndani ya baka na nje yake. Kila mguso aliusikia. Hiyo ilikuwa dalili njema, kwa sababu baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia. Nilianza kushuku fangasi. Lakini fangasi nilitaka kumwona, na mgongo wa yule mama uling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Magamba yote yalikuwa yamelala chini ya mafuta ya mgando. Nilikwangua hata hivyo. Kwenye hadubini nikaona matone ya mafuta matupu.

Nikamweleza: arudi wiki inayofuata akiwa mkavu. Akakubali. Wiki iliyofuata akaja anang'aa kuliko mwanzo.

"Mama, si nilisema asipake?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Mwanangu, nilimpaka mimi. Tunapakaga hata maiti, sembuse mgonjwa? Nimpandishe gari amepauka, watu waseme mke wa mwanangu hana mtu nyumbani?"

"Mafuta yanaficha ugonjwa, mama. Ni kama unatafuta samaki furu kwenye maji ya tope."

"Hayo makwangulio yenyewe mnapelekaga wapi?"

Swali zuri, nikamwambia. Kidogo ni kwa ajili ya kumpima yeye. Kidogo ni cha utafiti, ili tujue mabaka kama haya yanatokana na nini huku kwetu, na hicho tunachukua akiridhia mwenyewe tu. Akikataa, matibabu yake ni yaleyale.

"Chukueni," akasema mgonjwa mwenyewe. "Mimi nataka kurudi kazini."

Mara ya tatu walifika mgonjwa amefunikwa kanga mbili, kichwa mpaka vidole, katika jua la Bunda. Mama mkwe alikuwa amemficha njia nzima asionekane na mtu alivyopauka. Tulipofunga mlango akazifunua huku akigeuza uso, kama anayevuliwa ni yeye mwenyewe.

Nilivuta ngozi kidogo kwa vidole viwili, na magamba membamba yakajitokeza juu ya baka, kama vumbi la unga. Nikayakwangua. Safari hii kwenye hadubini hapakuwa na ubishi: vijiti vifupi na vitufe vilivyorundikana. Fangasi, wa aina inayoishi kwenye ngozi za watu wengi bila kuwasumbua, mpaka joto, jasho na mafuta vimpe nguvu.

Nikamwita mama mkwe achungulie. Alifumba jicho moja, kisha akasema, "Vidudu vidogo hivi ndivyo vimemfukuza mkwe wangu uwanjani? Havina hata haya!"

Yule mama alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Nikamwandikia cheti cha kuwaonyesha wenzake na dawa ya kupaka. Nikamwonya kwamba weupe huchelewa kuondoka hata fangasi wakifa, miezi wakati mwingine, basi asikate tamaa.

"Na mafuta?" aliuliza mama mkwe. Kopo lilikuwa tayari mkononi, amelitoa kwenye mkoba.

"Mikono na miguu, mama. Shingo na mgongo viacheni kwanza."

Akampaka hapohapo kwenye benchi, taratibu, na mgongo akauruka.

Nilipopita Kibara baadaye nilimkuta uwanjani amechutama kati ya wenzake, anageuza dagaa. Mabaka yalikuwa bado yanaonekana kwa mbali, na hakuna aliyeyatazama.

Basi nawe, siku ya kwenda kuonyesha ngozi yako, oga, vaa vizuri, lakini usipake mafuta. Yabebe kwenye mkoba, upake ukishapimwa.