Usifunge Soketi Mgeni Akiwa Bado Ana Neno

Ukungu wa Ikonge ndio ninaoukumbuka kwanza, mwanangu, kabla hata ya kosa lenyewe. Ilikuwa Jumapili, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na mashamba ya chai yalikuwa yamezama katika weupe huo hata ungemsikia mtu akiimba usimwone. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwandishi wa programu, na nilijiona nimemaliza kusoma yote yaliyoandikwa. Usicheke. Hata wewe dalili ninaziona.

Nilikuwa nimeajiriwa na Bwana Ramesh, ambaye duka lake mjini Kisii liliuza vitambaa upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Alinipa kazi ya kuandika programu ya kupokea faili kwa laini ya simu. Kila Ijumaa maabara ya mjini ilituma orodha ya waliopatikana na kifua kikuu, na kompyuta ya zahanati moja ndogo kule Ikonge iliipokea. Jina lako likiwamo, unaanza dawa. Lisipokuwamo, unaambiwa uende nyumbani kwa amani.

Programu yangu haikukaa ikiuliza kila mara kama kuna kitu. Ilitulia tu, ikingoja kuitwa. Soketi, ule mlango ambao programu hupitia kuzungumza na mtandao, iliiletea habari kwa matukio: tukio la kuunganishwa, tukio la kusoma data ikifika, na tukio la kufunga pale kompyuta ya upande wa pili inapoaga. Kila tukio nililipa jibu lake. Lile la kufunga nililijibu upesi kuliko yote: funga soketi, hifadhi faili, kwisha. Wepesi huo ulinifanya nijisifu, na haraka haraka, kama ujuavyo, haina baraka.

Basi Jumapili hiyo nilikuwa kwa magokoro, nyanya yangu mzaa baba, kitabu cha programu mapajani. Akaja jirani yake, mama mchuma chai aitwaye Kemunto. Akanywa uji, akasifu ndizi, akauliza habari za mjini, akakohoa kidogo ndani ya leso yake. Kisha akainuka. "Haya, mimi niende." Nikamwambia kwaheri, nikafunga mlango, nikarudi kwenye ukurasa wangu.

Magokoro alinitazama hata nikaona haya.

"Moraa, umemfungia mgeni?"

"Si ameaga, magokoro?"

"Ameaga, lakini kilichomleta hajakisema. Hapa kwetu mtu hutoa neno lake njiani, akisindikizwa. Huko shule walikufundisha nini? Toka, mfuate!"

Nilitoka nimenuna. Nilimfikia kando ya majani chai, tukatembea polepole kwenye ukungu, miguu yetu hatuioni, nikahisi kama tunaelea. Tulipofika njia panda ndipo aliponishika mkono.

"Mwanangu, wewe unajua mambo ya kompyuta. Nilipimwa makohozi, wakaniambia jina langu haliko, sina ugonjwa. Lakini natema damu, na mtoto wangu bado ananyonya."

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa maabara, nikaomba kuiona orodha waliyotuma. Kemunto alikuwamo, wa mwisho kabisa. Nilijua papo hapo. Tukio la kufunga halisemi kwamba umeshapokea yote. Mwenzako anaweza kuaga huku maneno yake ya mwisho yamefika kwako na yangali kwenye akiba ya soketi, yakingoja uyasome. Mimi niliyafungia humo humo.

Nilirekebisha siku hiyo hiyo. Likija tukio la kufunga, soma kwanza, kisha usome tena, mpaka soketi yenyewe ikujibu kwamba haijabaki hata baiti moja, hata chembe ya data. Ndipo ufunge. Kemunto akaanza dawa, akapona, na mtoto wake leo ana duka Suneka.

Nilidhani yameisha. Bwana Ramesh, mtu wa maneno machache, aliniuliza jambo moja tu: "Na orodha za zamani, Moraa?"

Tulizituma upya zote. Nyingi zilikuwa kamili, lakini moja ilileta jina ambalo halikuwa limefika, la mzee wa upande wa Nyamira. Nilikwenda kwake na muuguzi. Tulikuta udongo mbichi kando ya nyumba. Mjane wake alitukaribisha vizuri, akatuambia kwamba siku mzee alipoambiwa hana ugonjwa alifurahi sana, akachinja jogoo. Nililia mbele yake.

Mwanangu, majuto ni mjukuu, nami huyu mjukuu nimemlea miaka mingi. Nakusihi: tukio ni hodi tu, si habari nzima. Likija la kusoma, usidhani umepewa ujumbe wote. Likija la kufunga, pokea kilichobaki kabla hujaachia. Ukigundua kosa la leo, rudi ukaangalie na ya jana, hata kama unaogopa utakachokikuta. Na faili usiiite faili tu, maana ndani yake kuna watu.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo usio na papara, na kila anayekungoja upande wa pili wa laini, jina lake lifike akiwa hai.