Rubani Aliyebaki Bondeni

Aliyemwona kazini asingedhani kwamba jioni mwanamke huyu anaendesha vita. Mchana alipanga safari za malori katika bohari ya dawa: lori lipi litangulie, lipite njia ipi, lisije likaishiwa mafuta porini. Alikuwa mpole kiasi kwamba kuku akichinjwa, yeye hujifungia chumbani. Lakini katika klabu ya marubani wa mtandaoni, wanaorusha ndege za mchezo kwenye kompyuta na ambao wengi wao hawakuwahi kupanda hata ndege ya abiria, aliitwa Mama Vita, maana vita vyote walivyopigana yeye ndiye aliyevitunga.

Na alivitunga barabara. Kwake haikutosha ndege kufukuzana na kutunguana. Kila upande, Mwekundu na wa Bluu, aliupa viwanja vya ndege, maghala ya mafuta, madaraja na misafara ya malori. Ukilipua ghala leo, kesho ndege za adui zitapaa na tangi nusu. Ukivunja daraja, malori yatazunguka mbali, na huko mbele adui atasogea. Hata ukizima kompyuta ukaenda kulala, vita vinaendelea bila wewe.

Mshauri wake alikuwa kaka yake, waliyeishi naye nyumba moja tangu alipostaafishwa kwa sababu ya mgongo. Huyu alikuwa rubani wa kweli, wa helikopta za uokoaji. Ndiye aliyemfundisha jinsi upepo unavyokula mafuta na kwa nini helikopta yenye mzigo haipendi joto. Klabuni walimwita Kapteni, na aliongoza upande Mwekundu.

Walikosana kwa jambo moja tu. Mama Vita alikuwa amechoshwa na marubani wanaokufa kizembe: mtu anatunguliwa, anacheka, papo hapo anapewa ndege nyingine. Akabuni sheria mpya. Ukiruka na parachuti, utabaki chini na redio yako mpaka helikopta ya wenzako ije kukuchukua. Askari wa adui wakikufikia kwanza, umetoka vitani moja kwa moja.

Kaka yake aliisoma sheria hiyo kwenye skrini, akasukuma kiti nyuma.

"Hii itoe."

"Kwa nini, kaka? Watu wanaisubiri kwa hamu."

"Nimesema itoe, basi."

Hakueleza zaidi. Kwa siku kadhaa walipishana ukumbini kama wapangaji wasiojuana. Mama Vita alijua kwamba safari ya mwisho ya kaka yake kazini ilikuwa wakati wa mafuriko, na kwamba tangu hapo hakutaka kuulizwa habari zake. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Akapiga moyo konde, sheria akaiacha ibaki.

Ikafika Jumapili alasiri. Mama Vita alikaa sebuleni kama mwamuzi, ramani nzima mbele yake, hedifoni masikioni, akiwaona na kuwasikia wote. Kaka yake alikuwa chumbani kwake, ukuta mmoja tu ukiwatenganisha. Wekundu walikuwa na hali ngumu. Ghala lao kubwa lilikuwa limeteketezwa, na uwanja wao wa mbele ulikuwa ukiungoja msafara wa malori ya mafuta kama mgonjwa anavyongoja dripu.

Hapo ndipo mmoja wao, aliyeitwa Nesi, alipotunguliwa. Kwa kweli alikuwa nesi, wa wodi ya watoto, na hakuna aliyemzidi kwa utani klabuni. Parachuti lake lilitua bondeni, nyuma ya adui.

"Niko chini, mzima kabisa," alisema redioni. "Nani anakuja kunibeba? Mimi mwepesi."

Kila mmoja alikuwa na adui mgongoni. Kwenye ramani, askari wa Bluu walianza kusogea kuelekea bondeni.

Mama Vita akaitazama helikopta ya Wekundu. Mafuta yake yalitosha kwenda, kurudi hayakutosha. Kwa kubonyeza mara moja tu angeweza kuijaza, na hakuna ambaye angejua. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi. Lakini Bluu walikuwa wamehangaika kulilipua lile ghala. Kuwapokonya ushindi wao kwa siri kungekuwa wizi. Akaurudisha mkono mapajani.

"Jamani," Nesi akasema tena, na safari hii utani haukuwamo. "Kuna mtu anakuja?"

Kisha sauti ya kaka yake ikasikika mara mbili, masikioni na kupitia ukutani.

"Nakuja mimi."

Naibu wake, fundi wa mafriji, akamkumbusha kwamba mafuta hayatoshi, tena yeye ni kamanda. Kapteni hakubishana naye. Aliuamuru msafara wa malori uache njia ya uwanjani, ushike barabara ya bondeni.

"Uwanja utakauka," naibu akasema.

"Ukauke."

Mama Vita akashtuka. Ni kweli alikuwa ameandika kwamba lori linaweza kujaza mafuta chombo chochote kilichotua kando yake. Aliiga tu mambo ya bohari. Lakini hakuwahi kuijaribu sheria hiyo hata mara moja.

Helikopta ikapita chini chini, ikifuata mto, ikamnyakua Nesi askari wakiwa wamefika ukingoni mwa bonde. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kabisa ilipotua barabarani. Lori la kwanza likafika, likasimama. Hakuna kilichotokea. Mama Vita alikuwa ameshasimama bila kujijua. Mara mshale ukatikisika, ukaanza kupanda.

Jua halijazama, uwanja wa mbele ukatekwa. Naibu alilalamika kwamba uwanja mzima umetolewa kwa ajili ya mtu mmoja, akaondoka bila kuaga.

Kaka mtu akatoka chumbani, shati limemganda mgongoni. Akakaa kwenye mkono wa sofa, akasimulia bila kuulizwa. Ile siku ya mafuriko alibaki mzee mmoja juu ya paa. Helikopta ilikuwa imejaa watu, mafuta ya kurudi tu. Alimwambia yule mzee kwa kipaza sauti kwamba atarudi. Aliporudi, paa halikuwepo.

"Siku ile hapakuwa na lori," akasema.

Mama Vita, ambaye maisha yake yote yalikuwa kuwapelekea watu malori, aliinuka akaenda jikoni. Alimletea maji, akangoja ayamalize, ndipo akamuuliza kama aitoe ile sheria.

Kaka yake akaiweka glasi chini.

"Iache. Ila malori yako yanakwenda kama kobe."

Wekundu walishindwa vita vile, na fundi wa mafriji akahamia kwa Bluu. Siku chache baadaye Nesi alipiga simu, akaomba kuzungumza na Kapteni. Mama Vita alimpa kaka yake simu, akidhani ni shukrani za haraka haraka. Baadaye akamsikia akianza upya, polepole, habari za mzee wa juu ya paa. Akaurudishia mlango taratibu, akarudi kwenye kompyuta kuyaongezea malori mwendo.