Shanga Nyekundu za Mabruki

Nakumbuka siku moja kaka yangu Mabruki alipokaribia kukosa mke kwa ajili ya shanga. Futa machozi, mwanangu, ukae hapa. Wamekucheka sokoni kwa kuita chekundu kitambaa cha rangi ya majani? Basi sikiliza. Mimi bibi yako ndiye niliyeiokoa harusi ile, na mpaka leo najisifu, anayechukia na achukie!

Kindu ya wakati ule ilikuwa nyumba chache kando ya mto, na wafanyabiashara wa pwani wakituletea shanga za kila rangi. Wakwe walitaka nyekundu kwa mahari. Mabruki alichagua mwenyewe, akavaa kanzu, akazimwaga mkekani mbele ya wazee, uso umemjaa furaha. Lo! Zote rangi ya majani.

Baba wa bibi arusi akasimama. "Huyu kijana iko anatucheka? Mutoto wangu haolewi na muntu wa zarau!"

Mabruki akaapa kuwa ni nyekundu. Wakamwita mwongo. Nilimtazama, nikajua hadanganyi, na uchungu ukanishika. Nikakumbuka pilipili za nyumbani: akitumwa zilizoiva, analeta mbichi, mama anamgombeza kwa uvivu.

Nikatoka mbio hadi bustani ya nyuma, msichana mimi, wala sikuomba ruhusa. Nikarudi, nikatandaza majani ya muhogo mkekani, nikatupa pilipili zilizoiva juu yake.

"Wazee, munaziona?"

Hata waliosimama mlangoni waliziona. Nikamwambia kaka aziokote. Akainama, akapapasa jani baada ya jani kama mtu aliyeangusha sindano.

Baba wa bibi arusi akakaa. "Kumbe njo macho yake, hasemi uongo," akasema taratibu.

Bibi arusi, mwili mzima amepakwa ngula, ule unga mwekundu wa mti, akacheka nyuma ya pazia. "Basi nitamuchagulia miye!"

Na alimchagulia nguo maisha yao yote. Kindu hii hakuonekana mwanamume aliyependeza kama kaka yangu!

Mwanangu, rangi haikai kwenye shanga peke yake. Nusu yake inakaa jichoni, na macho hatukugawiwa sawa. Usijifiche. Sema wazi, "Hii siioni, nisaidieni." Na ukisikia mtu anaitwa mwongo, jaribu kwanza kujua yeye anaona nini.

Mabruki ndiye aliyemzaa mama yako. Macho hayo ni yake, tembea nayo kifua mbele. Mungu akulinde, akupe na wewe wa kukuchagulia kanzu.