Koti Lililokuwa na Kiti

Kama yupo mtu Mashimoni, kule Kibera, aliyezaliwa kusimama, basi ni Apiyo, mama yake Hope. Kazini anapiga pasi nguo za watu katika duka la dobi katikati ya mji, na pasi haipigwi umekaa. Jumapili kanisani ni mhudumu wa mlangoni, mwenye utepe begani, anayewaonyesha wengine viti. Nyumbani kuna kochi moja la watu wawili, na hao wawili ni Hope na Marvin na vitabu vyao vya shule. Kwa hiyo mama mtu hula ameegemea kabati la vyombo, sahani mkononi, akidai kwamba chakula hushuka vizuri hivyo. Watoto walishaamini. Hata mgeni akimwambia kaa, Apiyo hujibu "nakaa sasa hivi," na hiyo sasa hivi hakuna aliyewahi kuiona.

Kati ya nyumbani na kazini kulikuwa na treni ya asubuhi, na humo ndimo kisa chake kilimoanzia.

Treni hiyo hutoka Kikuyu. Ikifika Dagoretti, watu wa Kawangware huingia na kuvimaliza viti vilivyobaki. Ikifika Kibera huwa imeshiba, na watu wa Kibera huingia kwa nguvu ya mabega, wengine wakabaki mlangoni wakining'inia. Apiyo hakulalamika sana juu ya wingi wa watu. Kila mtu ana anakokwenda. Kilichomkera ni koti.

Koti lilikuwa la Mzee Muigai, mwenye nyumba za kupangisha kule mtaa wa Kongo na nyumba yake mwenyewe ya mawe Kawangware, sehemu iitwayo 46, anayeshuka mjini kila siku kufungua duka lake la misumari na rangi. Muigai alipanda Dagoretti, akakaa dirishani, kisha akavua koti na kulilaza kwenye kiti cha pili. Ukimuuliza, alisema ni kiti cha Wangoi, mke wake, yuko nyuma anakuja. Wangoi alikuwa anakuja tangu treni ikiwa na rangi ya zamani. Hakuna abiria aliyewahi kumtia machoni, ila wote walikijua kiti chake. Nalianya, fundi wa kuchomelea vyuma aliyesimama bega kwa bega na Apiyo kila asubuhi, alimuuliza mzee kwa huruma nyingi kama mama bado yuko nyuma. Muigai alijibu bado yuko, bila hata kupepesa macho.

Apiyo angevumilia kama lingekuwa koti la maana. Lakini kola ilikuwa imepinda, na mgongo wake haukuwa umeonja pasi tangu dukani. Njia nzima alisimama juu yake, vidole vikimwasha, hasira na kazi vikichanganyika kichwani. Koti limekaa, yeye amesimama, na koti halina hata miguu.

Mambo yalizidi siku goti lake la kushoto lilipomgomea. Alifika kazini akichechemea, akaomba kibao cha kukalia kidogo tu, na mwenye duka akamwambia kwa upole wenye baridi kwamba watu wanaoweza kusimama wako wengi huko nje. Apiyo akajikaza, akapiga pasi mpaka jioni, lakini maneno yale hayakumtoka. Kukaa kazini hakuwezekani. Kukaa nyumbani ni kuwanyima watoto pa kusomea. Ilibaki treni. Akiipata nafasi ya kupumzisha goti asubuhi, atafika kazini mzima. Asipoipata, kazi itamponyoka, na yeye anajua kuishi Mashimoni bila kazi kunavyokuwa.

Ndipo akaunda Kamati ya Abiria wa Kibera. Kamati ilianza na yeye na Nalianya, na kwa kuwa Nalianya alisema yeye mikono yake ni ya moto tu, si ya karatasi, Apiyo akawa mwenyekiti. Mwenyekiti asiye na kiti, alisema Nalianya, na utani huo ulichakaa siku hiyohiyo lakini aliuvaa mwaka mzima. Ombi lao lilikuwa dogo. Waongezewe behewa moja nyuma, na mlango wake usifunguliwe mpaka Kibera.

Walienda kwenye ofisi za reli, wakarudishwa, wakaenda tena, mpaka wakafikishwa kwa Bwana Githinji, mkubwa wa mambo ya mabehewa, ambaye aliwasikiliza akiwa kwenye kiti kinachozunguka. Alizunguka kidogo kushoto, akazunguka kidogo kulia, kisha akawaeleza kwamba kutoka Kibera hadi mjini ni karibu sana, mtu hata hajakaa vizuri amefika. Tena yeye kwa macho yake amewaona watu wa Kibera mlangoni, na ni wazi wanapenda upepo. Na zaidi ya yote, watu wa Kawangware hawajalalamika. Kilio cha stesheni moja si kilio cha reli nzima. Waje pamoja, ndipo atafikiria.

Watu wa Kawangware walikuwa na viti. Wangelilia nini? Lakini Apiyo si mtu wa kulaza damu. Jumapili baada ya ibada, utepe ungali begani, alifunga safari mpaka Kawangware 46 kwenda kumbembeleza mwenye koti.

Muigai hakuwako. Alimkuta mama mmoja mnene mwenye macho ya kucheka, ameketi mlangoni akimenya minji. Apiyo akauliza kama hapo ni kwa Muigai na kama yeye ndiye Wangoi. Alipoambiwa ndiye, alimtazama juu mpaka chini kama anayemwona mtu wa kwenye televisheni. Wangoi alimkaribisha kiti, Apiyo akasema anakaa sasa hivi. Halafu, kwa kutojua la kuanzia, akamsifia kiti chake cha kwenye treni, jinsi kilivyo kizuri, pembeni tu ya dirisha, na jinsi abiria wote wanavyokiheshimu.

Wangoi aliacha kumenya. Ilibidi aelezwe mara ya pili, pamoja na habari za koti.

"Kwani miaka hii yote niko na kiti kwa treni," alisema polepole, "na hakuna mtu ameniambia?"

Jumatatu asubuhi treni ilipoingia Kibera, behewa zima lilimwona Wangoi kwa macho. Alikuwa amekalia kiti chake, kitambaa kipya kichwani. Na kwa kuwa binti yao Ciru anasoma chuo huko mjini, naye alikuwa amekalia kile cha dirishani. Muigai alikuwa amesimama, koti mkononi, mkono mwingine umeshika chuma cha juu. Nalianya alimkaribisha kama mwenyeji anavyomkaribisha mgeni, akamwonyesha jinsi ya kutanua miguu treni ikipiga kona.

Watu walidhani mama ataenda siku moja, hasira zitulie. Kumbe mji ulimpendeza. Aliliona duka la mumewe, akaona makopo ya rangi yamepangwa ovyo, na akaamua hawezi kumwacha mtu wake katika hali ile. Akawa hayuko nyuma tena, anakuja kweli, kila asubuhi. Muigai alisimama Jumatatu, akasimama Jumanne, na Jumatano akasimama huku mtu amemkanyaga kidole njia nzima. Alhamisi alimsogelea Apiyo na kumuuliza kwa sauti ya chini kamati hukutana lini.

Ukimsikia Muigai siku waliporudi kwa Githinji, ungedhani kusimama kumevumbuliwa na yeye. Aliongea juu ya visigino, akaongea juu ya kiuno, akaapa kwamba Kawangware yote inaumia. Apiyo alimwacha aseme, ingawa mara mbili alilazimika kukohoa ili asicheke. Mwishowe Githinji aliacha kuzunguka. Akatoa behewa moja, la majaribio, wiki moja tu. Ijumaa angekuja mwenyewe stesheni ya mjini, na mwenyekiti wa abiria amweleze mbele ya watu kwa nini behewa libaki. Akisikia la maana, litabaki. Asiposikia, Jumatatu linarudi lilikotoka.

Wiki hiyo mashati ya watu wa mjini yalisikia hotuba nyingi. Apiyo aliifanyia mazoezi juu ya meza ya pasi. Ilianza na "Mheshimiwa," ikapitia goti, ikapanda hadi maendeleo ya taifa, ikagusa kitabu cha Kutoka, na kumalizia na shukrani mapema, ili mheshimiwa aone haya kukataa. Asubuhi behewa jipya lilipofunguliwa Kibera, yeye alisimama mlangoni akiwaonyesha watu viti kama alivyozoea kanisani, wazee huku, wajawazito huku, wewe na begi lako huku. Alipomaliza, viti vilikuwa vimekwisha. Jumatatu hakukaa. Alhamisi pia hakukaa. Alipigania behewa, akalipata, na ndani yake alikuwa amesimama.

Ijumaa Muigai na Wangoi walishuka Kibera wakahamia behewa la kamati, maana Muigai hakutaka mheshimiwa aje wakati yeye yuko mbali. Wangoi aliingia wa kwanza, akamvua mumewe koti na kulilaza kwenye kiti cha dirishani. Mtu akitaka kukaa, alimwambia kuna mama yuko nyuma anakuja. Apiyo alipomaliza kupanga watu, Wangoi alimshika mkono.

"Mama Hope, hiyo maneno yote utaisema aje na goti inauma? Kaa."

Apiyo alisema anakaa sasa hivi. Wangoi hakuuachilia mkono. Basi akakaa.

Jua la asubuhi lilikuwa linapiga upande ule. Kiti kilikuwa cha plastiki tu, kigumu, lakini goti lilikunjika na likanyamaza, na kutoka pale chini aliona mabati ya Kibera yakipita dirishani, kitu ambacho miaka yote alikiona vipandevipande kati ya vichwa vya watu. Akaanza kuirudia hotuba moyoni. "Mheshimiwa," alisema, na hakufika kwenye goti.

Yaliyofuata aliyasikia baadaye kwa Nalianya, ambaye hajawahi kusimulia kisa mara mbili bila kukitia chumvi mpya, kwa hiyo nachukua yale tu ambayo Wangoi anayakubali. Treni ilifika mjini. Githinji alikuwa ukingoni mwa reli, suti safi, watu wamemzunguka. Nalianya alinyoosha mkono amtikise Apiyo, na Muigai akaudaka mkono ule hewani. Githinji akauliza kwa sauti yuko wapi mwenye maneno. Muigai, shati tupu, akamwomba apande ndani.

Githinji alipanda, akasimama mbele ya Apiyo. Apiyo alikuwa amelala fofofo, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, na alikuwa anakoroma. Koti la Muigai lilikuwa limemfunika mpaka kidevuni.

"Huyu ndiye mwenyekiti?" aliuliza Githinji.

"Ndiye," alisema Muigai. "Sikiza, anasema."

Githinji alisikiliza. Behewa zima lilisikiliza. Kutoka Kibera ni karibu sana, mtu hata hajakaa vizuri amefika, na huyu hapa alikuwa amelala kama mtoto. Githinji alitazama viatu vya Apiyo, vilivyoliwa upande mmoja na miaka ya kusimama. Kisha akashuka. Nalianya anasema alinyata. Huko nje alimwambia mkuu wa stesheni kwamba behewa libaki, na kwamba yule mama asiamshwe mpaka treni itakapotakiwa kutoka tena.

Apiyo aliamshwa na ukimya. Treni ilikuwa imeegeshwa mbali na stesheni, behewa tupu, jua limepanda. Hotuba! Alishuka kwenye kokoto, koti limemning'inia mkononi, na akajua kwamba kwa usingizi wake amewaharibia watu wote wa Kibera. Alilia, sina haja ya kuficha. Alitembea akilia mpaka kwenye duka la misumari, na kabla Muigai hajainua kichwa akaanza kuomba msamaha.

"Limebaki," Muigai alisema.

Apiyo hakuelewa. Wangoi alitoka nyuma ya makopo ya rangi akamweleza, na akamwambia pia kwamba Nalianya ameshapitia kwa dobi kumwarifu mwenye duka kuwa mwenyekiti yuko mkutanoni na wakubwa wa reli. Apiyo alifuta macho, ndipo hasira zikampanda. Hotuba ya wiki nzima! Kwa nini hawakumwamsha?

"Ulikuwa unaongea vizuri," alisema Muigai. "Tungekukatiza aje?"

Alinyoosha mkono achukue koti lake. Apiyo alilitazama, kola bado imepinda, mgongo sasa una mikunjo mipya juu ya ile ya zamani, akakataa kumpa. Alienda nalo kazini, na ndilo alilolitandika la kwanza mezani. Alilipiga pasi polepole, kola, mabega, mgongo, mpaka likawa jipya, na hakulihutubia.

Jioni hiyo Mashimoni alipakua chakula, akachukua sahani yake na kupita kabati la vyombo. Akawaambia Hope na Marvin wasogee. Walimtazama, kisha wakasogeza vitabu. Apiyo akakaa katikati yao, sahani magotini, akaanza kula.